Ukufi wa Mchele: Matembezi Yetu Katika Mtaa wa Kauman

Katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, uko mji wa zamani uitwao Yogyakarta, ambao hata leo ni makao ya Sultani. Mbele ya kasri yake, upande wa kaskazini, pana uwanja mpana, na magharibi ya uwanja huo umesimama Msikiti Mkuu, uliojengwa mwaka 1773 katika zama za Sultani wa kwanza wa mji huo, Hamengkubuwono I. Mgeni atokaye pwani yetu huutazama kwa mshangao kidogo, kwani hauna kuba. Paa lake ni la daraja tatu, moja juu ya mwenzake, na ndani limebebwa na nguzo nene za msaji. Lakini asimamapo mbele ya kibla huona kwamba yuko kwao: safu ni zile zile, Fatiha ni ile ile, na wengi wa Waislamu wa nchi hiyo, kama sisi, wamelelewa juu ya fikihi ya Imamu Shafi.

Kuuzunguka msikiti huo uko mtaa uitwao Kauman. Jina hili si geni kwa msomaji wetu, kwani ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo nasi twalitumia, kaumu. Maana yake ni mahali pa kaumu ya msikiti, yaani maimamu, wahutubu, waadhini na watumishi wengine ambao Sultani aliwapa ardhi karibu na nyumba ya Mungu ili waitumikie. Mtaa wenyewe ni mdogo. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuumaliza kabla sauti ya adhana haijatulia masikioni. Lakini kutoka katika mtaa huu yalitoka mambo yaliyoenea visiwa vyote vya nchi hiyo, na sehemu kubwa ya mambo hayo ilifanywa na wanawake, kwa fedha zilizotoka mikononi mwao wenyewe. Hayo ndiyo yaliyotupeleka Kauman, na ndiyo tupendayo kuwasimulia wasomaji wetu, wanaume kwa wanawake.

MTAA WENYEWE

Njia za Kauman ni vichochoro. Watu wawili wakikutana, mmoja huegama kidogo ukutani ili mwenzake apite. Iko kanuni katika mtaa huo kwamba mwenye pikipiki ashuke, azime mashine, na aisukume kwa mkono mpaka nyumbani kwake. Tuliwaona vijana wakifanya hivyo pasipo kulazimishwa na mtu. Kwa sababu hiyo mtaa una utulivu ambao ni nadra kuupata katikati ya mji mkubwa, na katika utulivu huo husikika sauti za watoto wakisoma.

Nyumba nyingi za zamani zina kuta nene, milango mirefu na nyua za ndani. Nyua hizo hazikuwa za mapambo. Zilikuwa mahali pa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa batiki: kitambaa hutandazwa, nta ya moto hutiwa katika kikalamu cha shaba chenye mdomo mwembamba, na mwanamke huchora kwa nta hiyo maua na mistari, kisha kitambaa hutiwa rangi. Pale palipo na nta hapashiki rangi, na nta ikichemshwa na kuondolewa huonekana nakshi. Wasomaji wetu wavaao vitenge wajue kwamba asili ya vitambaa hivyo ni batiki hiyo ya Java, ambayo viwanda vya Uholanzi viliiga kwa mashine na kuileta Afrika.

Sasa, wanaume wa Kauman walikuwa watumishi wa Sultani na wa msikiti. Walikuwa na heshima kubwa, lakini kipato chao kilikuwa haba. Walioinua hali ya mtaa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa zaidi ni wake zao, waliofanya na kuuza batiki, wakaajiri wafanya kazi, wakaweka akiba. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwani ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Mwanamke wa Kauman alipotoa, alitoa kilicho chake.

Na sharia yetu imempa haki hiyo tangu karne nyingi, kabla mataifa mengi makubwa hayajampa. Mahari ni yake, urithi wake ni wake, na chumo la mikono yake ni lake. Wanavyuoni walio wengi, na miongoni mwao Mashafii, wamesema kwamba mwanamke mwenye akili timamu aweza kutoa katika mali yake bila ya kumwomba mumewe idhini, ijapokuwa kushauriana ni katika wema wa ndoa. Imamu Malik aliona kwamba mke akitaka kutoa zaidi ya theluthi, mume ana neno. Hata katika rai hiyo, theluthi si kitu kidogo.

SURA ILIYOSOMWA MARA NYINGI

Katika mtaa huu alizaliwa, mwaka 1868, mwanachuoni aitwaye Ahmad Dahlan. Alikwenda Makka kusoma, akarudi, akawa katika watumishi wa Msikiti Mkuu, na tarehe 18 Novemba 1912 akaanzisha jumuiya ya Muhammadiyah, ambayo leo ni miongoni mwa jumuiya kubwa kabisa za Waislamu duniani. Wako waliokubaliana naye na wako waliopingana naye katika mambo ya fikihi, na hayo hatuyaingii hapa. Lakini kipo kisa chake kimoja ambacho watu wa Kauman husimulia mpaka leo, nacho chatuhusu sote.

Husemwa kwamba alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake Sura ya Al-Maun. Siku ya kwanza aliwafundisha, siku ya pili akairudia, na siku zilizofuata ikawa ni sura hiyo hiyo. Mwishowe mwanafunzi mmoja alichoka, akamwuliza kwa nini hawaendi mbele, maana wote wameihifadhi. Akawauliza kama wameitenda. Wakasema kwamba huisoma katika sala. Akawaambia kwamba hakuwauliza habari ya kuisoma. Basi waende sokoni na mitaani, wamtafute yatima na maskini, wamchukue, wamwogeshe, wamvike, wamlishe, ndipo warudi kwa somo jingine.

Wasomaji wetu wote waijua sura hiyo, na wengi wameihifadhi tangu chuoni. Inamtaja mtu anayeikadhibisha dini kuwa ndiye amsukumaye yatima na asiyehimiza kulishwa maskini, kisha inawaonya wanaosali huku wameghafilika na sala zao, na inamalizia kwa kuwalaumu wazuiao maun. Na maun ni nini? Wafasiri wengi wamesema kwamba ni vile vyombo vidogo ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka na mfano wa hivyo. Tazameni basi. Sura ianzayo kwa kuikadhibisha dini yaishia jikoni! Na katika desturi za watu wengi jiko li katika mamlaka ya mwanamke. Hapana ajabu kwamba somo hilo, lililotolewa kwa wanafunzi wa kiume, lilikamatwa kwa nguvu na wanawake wa mtaa ule.

SITI WALIDAH NA WENZAKE

Mke wa Ahmad Dahlan aliitwa Siti Walidah, naye alizaliwa Kauman mwaka 1872. Wakati huo binti wa nyumba ya dini hakupelekwa shuleni, akafundishwa nyumbani. Mwaka 1914 alianza kuwakusanya wanawake kwa ajili ya masomo, na kikundi hicho kikaitwa Sopo Tresno, maneno ya Kijava yenye maana ya nani apendaye. Alifundisha mabinti wa mtaa baada ya Alasiri. Na baada ya Magharibi, kazi zikiisha, aliwafundisha kusoma wale wanawake waliokuwa vibarua wa batiki.

Hebu tulipime jambo hili la vibarua. Ni rahisi kwa matajiri kukusanyika, wakasoma pamoja na kunywa chai. Siti Walidah alimfungulia mlango mwanamke aliyekuwa akilipwa ujira, ambaye mikono yake ilinuka nta, akamketisha mkekani pamoja na kitabu. Kwa hiyo tangu mwanzo chama chao hakikuwa cha watoaji peke yao upande mmoja na wapokeaji upande mwingine. Aliyepewa elimu jana, leo alikuwa na lake la kutoa.

Mwaka 1917 kikundi kilipewa umbo kamili. Palitolewa rai kiitwe kwa jina la Bibi Fatima, lakini likachaguliwa la Bibi Aisha (r.a.), aliyekuwa mwalimu wa masahaba, nacho kikaitwa 'Aisyiyah. Kilizinduliwa usiku wa Miraji, tarehe 27 Rajabu 1335, sawa na 19 Mei 1917. Kiongozi wake wa kwanza hakuwa mke wa mwanachuoni mkubwa. Alikuwa msichana aliyesoma, Siti Bariyah.

Mwaka 1919 walifungua shule ya watoto wadogo, ambazo huitwa Bustanul Athfal, yaani Bustani ya Watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakajenga Kauman msikiti mdogo wa wanawake, ambao tuliuona: nyumba safi, isiyo kubwa, inayotumika kwa sala na kwa darsa. Mwaka 1926 walitoa gazeti lao, Suara 'Aisyiyah, ambalo linachapishwa hata leo, na mwaka huo huo Siti Walidah aliongoza kikao katika mkutano mkuu wa Muhammadiyah mjini Surabaya, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa mwanamke. Aliishi mpaka mwaka 1946, na mwaka 1971 serikali ya Indonesia ilimpa cheo cha shujaa wa taifa.

NYUMBA IUZWAYO MARA MOJA

Kiko kisa kingine cha Ahmad Dahlan ambacho twapenda kukitaja, kwa kuwa kinaonyesha tofauti baina ya ukarimu wa mtu mmoja na ukarimu uliopangwa. Husimuliwa kwamba shule yake ilipungukiwa fedha za kuwalipa walimu. Akapiga ngoma, watu wakakusanyika, akawaambia kwamba anavipiga mnada vyombo vyote vya nyumbani mwake. Watu wakanunua, fedha zikatimia na kuzidi, kisha wakaondoka bila ya kuvichukua vitu walivyovinunua.

Ni kisa kizuri, nasi tukikisikia machozi hutulenga. Lakini mwenye akili atajiuliza: mwezi wa pili mwalimu atalipwa na nini? Nyumba ya mtu mmoja huuzwa mara moja tu. Mtu mkarimu huugua, husafiri, hufa, nao mayatima hubaki wakiwa na njaa ile ile. Hapo ndipo kazi ya akina mama wa Kauman ilipokuwa na hekima ya peke yake. Wao hawakuutegemea moyo wa mtu mmoja mkubwa. Waliitegemea mikono mingi midogo ijayo kila juma.

Yafaa tueleze utaratibu wao, kwa kuwa jambo hili halifahamiki kwa kusifiwa tu. Chama cha 'Aisyiyah kimepangwa kama mti. Chini kabisa, katika kijiji au mtaa, kiko kikundi kiitwacho ranting, maana yake kitawi. Vitawi vikikusanyika hufanya tawi, na juu ya tawi iko wilaya, kisha jimbo, kisha makao makuu. Fedha nyingi zinazojenga mambo tuyaonayo huanzia katika kitawi. Wanawake hukutana kwa darsa, kwa kawaida mara moja kwa juma au mara mbili kwa mwezi. Qurani husomwa, mwalimu huzungumza, na kisanduku cha sadaka hupitishwa toka mkono hadi mkono. Kila mmoja hutia awezacho, na mwenye kutia kidogo hajulikani na mwenye kutia kingi, maana kisanduku kina mfuniko wenye tundu. Mkutano ukiisha, kilichomo huhesabiwa, huandikwa daftarini, na mweka hazina hukitolea hesabu.

Katika barza tuliyoketi tuliliona daftari la namna hiyo. Halikuwa na uzuri wowote. Ni kitabu cha mistari cha mtoto wa shule, pembe zake zimekunjika, na ndani yake tarakimu zimepangwa safu kwa safu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Humo mlikuwa na fedha za kumzuru mgonjwa, za sanda, za kuezeka paa la shule ya watoto. Tulilifungua, tukalirudisha kwa heshima. Mtu akituuliza ni kitu gani tulichokiona Yogyakarta kikatuingia moyoni zaidi ya kasri ya Sultani, tutalitaja daftari hilo.

Na jambo la pili ambalo ni nguzo: mali isiyohamishika haiandikwi kwa jina la mtu. Mwanamke atoapo kiwanja kuwa wakfu, au kikundi kinunuapo, hati huandikwa kwa jina la jumuiya. Mwenyekiti akifa, warithi wake hawana la kudai. Mweka hazina akigombana na wenzake, haondoki na ufunguo wa nyumba. Ni mangapi katika miji yetu ya pwani yaliyoanzishwa kwa nia njema, kisha yakafa kwa sababu kiwanja kilikuwa kwa jina la marehemu fulani, na watoto wake wakakiuza! Kila msomaji wetu anao mfano wake, nasi hatuna haja ya kutaja.

MCHELE WA KILA USIKU

Katika Java iko pia desturi ya kale ambayo si ya chama hiki wala si ya Kauman peke yake, nayo huitwa jimpitan. Jina lake latokana na kuchota kwa ncha za vidole. Kila nyumba huning'iniza nje kikopo kidogo, na mama wa nyumba hutia humo mchele kidogo, pengine si zaidi ya ukufi, yaani ujao katika kiganja kimoja. Usiku walinzi wa zamu hupita, humimina vikopo vyote katika chombo kimoja, na mchele huo huwa mali ya mtaa. Huuzwa au huliwa kwa mahitaji ya wote: aliyefiwa, aliyeugua, taa ya njia, karo iliyokwama. Siku hizi mahali pengi mchele umegeuka sarafu, lakini maana haikugeuka.

Aliyeanzisha desturi hii aliijua tabia ya binadamu. Mtu huona uzito kutoa gunia, wala haoni uzito kutoa ukufi. Naye asiyekuwa na kitu, ambaye kwa siku zote huhesabiwa katika wapewao, naye huweka kikopo chake nje. Usiku ule huwa miongoni mwa watoaji, na asubuhi hutembea akiwa ameinua uso.

Haya hayapingani na tulivyofundishwa. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mwanamke akitoa katika chakula cha nyumbani mwake bila ya kuharibu, hupata thawabu kwa kutoa kwake, na mumewe hupata kwa kuchuma kwake, na mtunza ghala hali kadhalika, wala hapana mmoja apunguziwaye kwa ajili ya mwenziwe. Tazama uzuri wa hesabu hii: ukufi mmoja, thawabu tatu! Na Mtume (s.a.w.) amewahimiza watu wajikinge na moto japo kwa nusu ya tende. Hakusema tende nzima.

Wala wanawake kukusanya pamoja si jambo jipya lililozuliwa Java. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba siku ya Idi, baada ya hotuba, Mtume (s.a.w.) alidhani kwamba wanawake hawakuisikia. Akawaendea akiwa na Bilal, akawawaidhi na kuwaamrisha sadaka. Bilal akaitanda nguo yake, nao wakawa wanavua herini na pete na kuzitupa humo. Hawakusema kwamba wangoje kwanza waende nyumbani wakaulize. Walitoa pale pale, kila mmoja alichokuwa nacho mwilini, na vyote vikaingia katika nguo moja. Kisanduku cha akina mama wa Kauman ni ile nguo ya Bilal.

MATUNDA YAKE, NA UPUNGUFU WAKE

Leo shule za Bustanul Athfal zimeenea maelfu kwa maelfu katika visiwa vya Indonesia, na nyingi kati ya hizo ni mali ya vitawi na matawi ya chini. Ziko nyumba za mayatima, ziko zahanati na hospitali za uzazi. Katika Yogyakarta yenyewe, chuo kilichokuwa cha wakunga, kilichoanza mwaka 1963, kilikua kidogo kidogo, na mwaka 2016 kikawa Chuo Kikuu cha 'Aisyiyah. Tulisimama mbele ya lango lake tukatafakari: njia ya kutoka ukufi wa mchele mpaka chuo kikuu ni ndefu, lakini ilikwenda watu kwa miguu.

Hatutaki msomaji adhani kwamba mambo ni mema tupu. Walimu wa shule za watoto wadogo zisizo za serikali katika nchi hiyo hulipwa kidogo mno, na wengi huendelea kwa sababu ya moyo wao. Hili si la kufichwa. Chama kinachoishi kwa sadaka huingia katika hatari ya kumgeuza mwalimu kuwa yeye ndiye mtoaji mkubwa kuliko wote bila ya kuulizwa. Ajengaye shule kwa sadaka na ajiulize pia ni nani atakayemlipa anayefundisha ndani yake. Tena batiki ya Kauman, iliyokuwa chemchemi ya fedha hizo, ilififia zamani, na nyua zilizonuka nta sasa ni kimya. Kama wanawake wale wangaliweka matumaini yao yote juu ya matajiri wachache wa batiki, chama kingalizimika pamoja na biashara hiyo. Kilisalimika kwa sababu mizizi yake ilikuwa imekwisha kuingia katika vikundi vya watu wa kawaida: mke wa mkulima, mwuza mboga, mwalimu, mfua nguo.

NA KWETU JE?

Tumeandika habari za mbali. Lakini hatukuziandika ili mabibi zetu waone kwamba wao hawana kitu. Wanacho, tena kingi. Ni mji gani wa pwani usio na upatu? Wanawake kumi na wawili hukutana, kila mmoja hutoa kiasi kilichoafikiwa, na jumla hupewa mmoja wao kwa zamu. Hakuna karatasi ya benki, hakuna hakimu, na ni mara chache mtu akadhulumiwa. Uaminifu huo ni hazina kubwa kuliko fedha zenyewe. Tena vyama vya lelemama vya Mombasa vilijua kuchanga na kujipanga kwa ustadi, na katika miaka ya 1950 ndani yake zilichipuka jumuiya za wanawake wa Kiislamu zilizoangalia elimu ya wasichana na misaada ya wenye shida. Na ziko nyumba na mashamba, Unguja, Lamu na Mombasa, yaliyowekwa wakfu na wanawake ambao majina yao sasa hayajulikani ila kwa Mungu.

Basi kilichopungua si ukarimu wala si ujuzi wa kuchanga. Kilichopungua ni kuyaunganisha mambo mawili: uaminifu wa upatu na nia ya wakfu. Sadaka zetu nyingi ni za siku moja. Ramadhani hulishwa watu wengi, na Shawali ikiandama, sufuria huinikwa. Harusi huchangiwa kwa siku tatu fedha ambazo zingalimsomesha yatima miaka mitatu. Hatusemi watu wasifurahi, wala hatusemi maskini asilishwe leo. Twasema kwamba njaa ya yatima haina Ramadhani.

Twatoa rai moja, nayo ni nyepesi. Kila kikundi cha upatu kiongeze fungu moja lisilo na mwenyewe. Wanawake wakiwa kumi na wawili, zamu ziwe kumi na tatu, na ya kumi na tatu iwe ya Mwenyezi Mungu: wachangie wote, na jumla yake iende kwa jambo moja walilolichagua pamoja, wala lisibadilishwe kila mwezi. Ikiwa ni karo ya mtoto mmoja, basi mpaka amalize. Ikiwa ni mwalimu wa chuo, basi alipwe kila mwezi kama alipwavyo mfanya kazi mwingine, si kwa kudunduliza. Liwepo daftari, lisomwe mbele ya wote. Na kitakachonunuliwa kisiandikwe kwa jina la mtu, hata awe mwema kiasi gani, kwani wema hawaishi milele.

Na waume tunao neno nao pia. Husemwa mara nyingi kwamba fedha za wanawake huenda katika kanga na dhahabu. Huenda ni kweli kwa baadhi. Lakini mume asemaye hivyo na ajiulize kama amewahi kumwachia mkewe nafasi ya kufanya jambo jingine, au kumsaidia kuandika hesabu, au japo kubaki na watoto saa moja akina mama wakikutana. Mume wa Siti Walidah hakumfunga mkewe nyumbani kisha akasikitika kwamba wanawake wako nyuma.

Bibi usomaye habari hizi, pengine saa hii chungu ki juu ya jiko na mchele umekwisha kupimwa. Chota humo ukufi mmoja, uuweke kando, na kesho mwingine. Juma likiisha mwulize jirani yako kama naye anao. Mambo yote tuliyoyaona Kauman, shule na hospitali na chuo kikuu, yalianza kwa jirani kumwuliza jirani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka sadaka ndogo za mikono ya wanawake wa Kiislamu popote walipo, azikuze kama ikuzwavyo punje katika ardhi njema, na asitujaalie kuwa katika wazuiao maun. Amin.